Nilipeleka sauti za dada 31 kwenye ofisi ya unukuzi, Sinza

Ofisi ipo Sinza, Dar es Salaam, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Bango limeandikwa “Unukuzi wa Sauti, Tafsiri, Uchapaji”. Unukuzi ni kusikiliza sauti na kuiandika neno kwa neno, sisi tunaofanya kazi hizi tunasema kutranskraibu. Niliingia pale Machi 2024 na flashi yenye mahojiano 31, jumla ya saa 27 na dakika 40 za sauti. Waliozungumza ni dada wa kazi wanaolala nyumbani kwa waajiri wao, kuanzia Tabata mpaka Mbezi Beach. Tulikubaliana Sh 45,000 kwa saa ya sauti, kwa hiyo Sh 1,245,000 kazi nzima, nusu mkononi na nusu nikishakagua.

Sitaitaja ofisi kwa jina. Palitokea kosa, wenyewe wakalikiri na wakalirekebisha, nami naandika ili mtafiti mwenzangu ajue cha kutazama katika ofisi yoyote ya namna hii kabla flashi haijatoka mkononi mwake.

Mimi ni mtafiti wa kujitegemea. Miaka tisa nilizunguka na madodoso ya watu wengine, msaidizi wa mradi huu, mkusanya data wa mradi ule, mpaka 2019 nilipoanza kuandika maandiko yangu mwenyewe na kuyaombea fedha. Saa moja ya sauti hunichukua saa sita kuiandika vizuri, na msaidizi sina. Nilijaribu programu ya kompyuta inayoandika sauti yenyewe bila intaneti. Kwa Kiswahili kilichonyooka ilijitahidi, lakini dada mmoja wa Lushoto alipochanganya Kisambaa na Kiswahili, programu iliandika sentensi nzima ambayo yeye hakuisema. Niliisoma, nikarudi kusikiliza mara nne, haimo kabisa. Nikaiacha siku hiyohiyo, maana kumwekea mtu maneno mdomoni ni kumdhulumu hata kama hatajua.

Kabla sijafika kwenye ofisi yenyewe, inabidi nieleze kilichokuwa ndani ya flashi, kwa sababu ndicho kinachopima huduma.

Kibali cha utafiti nilikipata kwa kujishikiza kwenye taasisi moja ambayo kamati yake ya maadili ilipitia andiko langu. Baada ya hapo zikaja barua: ya mkoa, ya wilaya, ya kata, mpaka kwa mtendaji wa mtaa. Fomu ya kamati ilirithi maswali ya utafiti wa tiba. Damu kiasi gani itachukuliwa? Sampuli zitahifadhiwa katika nyuzi joto ngapi? Niliandika “haihusiki” mara saba. Wakataka pia ruhusa ya mwajiri, nikakataa kwa barua ya kurasa tatu, kwa sababu dada wa kazi anayeombewa ruhusa kwa bosi wake ameshachongewa kabla hajafungua mdomo. Wote 31 walikuwa watu wazima, wenye akili zao na siku yao ya mapumziko. Kamati ikakubali. Lakini katika kurasa zile zote hapakuwa na swali la nani atazisikiliza sauti nikishaondoka mtaani.

Hilo nilijiwekea mwenyewe. Kwenye karatasi ya ridhaa niliandika hivi: “Sauti yako nitaisikiliza mimi, na mtu mmoja atakayeiandika, ambaye ameahidi kutunza siri. Hakuna mwingine.” Sikuchukua saini, maana saini ni jina, ridhaa ilirekodiwa kwa mdomo na kila mmoja akapewa namba, M1 mpaka M31. Namba zao za simu zilikaa kwenye daftari mbali na sauti. Tulikutana Jumapili baada ya ibada, katika chumba nilichoazima, na karibu kila mmoja aliishia kwenye mstari huohuo wa ahadi, akiuliza kuhusu mwajiri wake: “Mama atasikia?” Mmoja alinisomesha mstari huo mara tatu, kisha akasema, “Haya, washa.”

Basi nilichokuwa nakipeleka Sinza ni ahadi hiyo.

Mapokezi yao ni mazuri mno. Mwenye ofisi ni kaka wa makamo aliyewahi kuwa karani wa mahakama, na swali lake la kwanza, kabla ya bei, lilikuwa: “Dada, humo ndani kuna majina ya watu?” Nilikuwa nimeshapita ofisi mbili nyingine siku hiyo na kote swali la kwanza lilikuwa saa ngapi na unazitaka lini. Alinionyesha utaratibu wake: kila jina la mtu au la mtaa linabadilishwa wakati wa kuandika, linakuwa [mwajiri], [mtoto wa pili], [mtaa wa mwajiri], na orodha ya mabadiliko anakabidhiwa mteja peke yake kwenye karatasi. Tukasaini mkataba wa usiri wa ukurasa mmoja. Tulianza na faili moja la majaribio, kipande cha dakika ishirini, bila malipo.

Faili lile la majaribio lilinishawishi. Waliandika kimya. Wengi hawaandiki, mhojiwa akinyamaza, wao wanaruka mpaka neno linalofuata, na ukurasa unasomeka kana kwamba mtu alijibu papo hapo. Hawa waliandika [kimya, sekunde 9]. Waliandika [mlango unafunguliwa, anashusha sauti]. Hapo nilikumbuka: mlango kweli ulifunguliwa, mhudumu wa jengo alikuwa anatafuta ufagio, na yule dada alishusha sauti akaendelea kunong’ona mpaka mwisho. Nilikuwa nimesahau. Aliyeandika hakuwepo, lakini alisikiliza kuliko mimi niliyekuwepo.

Neno “beki tatu” pia waliliacha palepale dada mwenyewe alipojiita hivyo, wala hawakulipamba kuwa “mfanyakazi wa nyumbani”. Anayejiita beki tatu halafu dakika kumi baadaye anajiita “mimi ndiye ninayeilea ile nyumba” anakuambia jambo kubwa kwa kuhama kutoka jina moja kwenda lingine.

Kasoro ya kwanza niliikuta kwenye fungu la pili la nakala walizonikabidhi, na ni ya lugha. Dada kadhaa wametoka kanda ya ziwa, na usemi wao una ile -ga ya mwisho: alikuwaga, alisemaga, ananipigiaga. Mnukuzi mmoja, kijana aliyesoma isimu, alikuwa anaisafisha yote kwa nia njema ya kuandika Kiswahili sanifu. Sasa tazama. Dada alisema, “Alinifungiaga nje.” Kwenye karatasi ikawa, “Alinifungia nje.” Karatasi inasema alifungiwa nje usiku mmoja. Sauti inasema kufungiwa nje ndiyo yalikuwa maisha yake, usiku baada ya usiku. Kwa silabi moja mwajiri amegeuka kutoka mtu aliyepandwa na hasira siku moja akawa mtu mwenye tabia ya kumfungia nje. Nikilipeleka lile la kwanza kwenye ripoti, nimemtetea mwajiri bila kujua na nimempunguzia dada mateso yake kwenye karatasi tu.

Nilipowaeleza, hawakubishana. Mwenye ofisi aliita wanukuzi wake wote wanne, tukasikiliza sekunde zilezile pamoja kwa visikilizio, na wakarudia mahojiano sita bila kuniongezea hata senti. Kwa hilo nawasifu. Nimefanya kazi na wasomi ambao ukiwaambia wamekosea sarufi ya mtu mwingine wanakufundisha sarufi.

Kosa lenyewe lilikuja kwenye fungu la tatu.

Faili zangu zote zilikuwa na majina mafupi, M19, M20, na kuendelea. Nikifungua nakala ya M22, juu kabisa kwenye kona, mnukuzi alikuwa amesahau mstari mmoja: AUD-20240514-WA0031. Anayetumia simu anaujua mtindo huo. Ni jina ambalo WhatsApp hulipa faili la sauti likishapokelewa. Nguvu ziliniishia. Sauti ya M22, dakika 82, mwanamke aliyenong’ona kwa sababu mlango ulifunguliwa, ilikuwa imepita WhatsApp, na WhatsApp ya mtu nisiyemjua.

Nilipanda bodaboda mpaka Sinza mchana uleule. Sikupiga simu kwanza. Nilitaka kuuliza nikiwa nawatazama usoni. Mwenye ofisi alinyamaza, akaita binti mmoja kati ya wanukuzi, akamuuliza mbele yangu. Binti hakuficha. Kompyuta yake ilikuwa imekufa, siku za kukabidhi zilikuwa zimebaki mbili, akawatumia wenzake wawili wa hosteli faili tatu wamsaidie: M19, M22 na M23. Akaanza kulia. Na siku zile mbili nilizibana mimi, kwa sababu mfadhili wangu alitaka ripoti kabla ya mwisho wa Mei nami sikuwa na ujasiri wa kumwomba wiki mbili. Hilo nimelibeba na sitalitua kwa binti yule.

Saa hiyohiyo wale wanafunzi wawili waliitwa, wakaja na simu zao. Faili zikafutwa tukiona, kwenye mazungumzo, kwenye hifadhi ya simu, na kwenye nakala rudufu ambayo WhatsApp huipeleka intaneti yenyewe kama mwenye simu ameiruhusu. Mwenye ofisi akaniambia neno ambalo lilinifanya nimwamini tena: “Dada, siwezi kukuapia kwamba hakuna aliyesikia chumbani kwao. Ninachoweza ni kukuonyesha kwamba hazipo tena.” Alinirudishia malipo ya saa zile tatu, Sh 135,000.

Nilipotulia nikaurudia ule mkataba wetu wa ukurasa mmoja. Ulisema “siri” mara nne. Haukusema ni nani hasa ataandika, kwenye kompyuta ipi, ndani ya chumba kipi, wala nakala zitafutwa lini. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inatenganisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji anayezishughulikia kwa niaba yake. Wengi wetu tunadhani ni sheria ya mabenki na kampuni za simu. Kwa kazi hii mkusanyaji alikuwa mimi, mtu mmoja na kompyuta yake mpakato, na mchakataji ilikuwa ofisi ile. Aliyechagua mchakataji na kuandika masharti yake ni mkusanyaji. Sikuyaandika.

Wapo watakaosema nakuza jambo, ni wanafunzi wawili tu na visikilizio. Mimi huwakumbusha kanda za Belfast. Kati ya 2001 na 2006, kwa mradi wa Boston College ya Marekani, watu waliowahi kupigana huko Ireland ya Kaskazini walirekodiwa wakisimulia waliyoyatenda, kwa ahadi kwamba kanda hazitatolewa wakiwa hai. Mwaka 2011 zikaja hati za mahakama kwa niaba ya polisi wa kule, kesi ikapanda mpaka rufaa, na mwishowe sehemu za mahojiano 11 zikatakiwa zikabidhiwe. Waliohojiwa walikuwa wameamini sentensi iliyoandikwa kwenye karatasi, na walioiandika hawakuwa na uwezo wa kuisimamia. Kama chuo chenye mawakili kilishindwa kuisimamia ahadi ya namna hiyo, mimi wa flashi moja natakiwa nipime kila neno kabla ya kuahidi. “Mtu mmoja atakayeiandika” ilikuwa ahadi nzuri kuitamka. Sikuwa nimetengeneza njia ya kuitimiza.

Niliiandikia kamati ya maadili taarifa ya tukio, kurasa mbili, na tarehe zote. Jibu lilikuja wiki ya tano, mstari mmoja: taarifa imepokelewa. Hawakuuliza kama wale wanawake watatu wamejulishwa. Kama ningekuwa naishi kwa kuogopa kamati tu, jambo lingeishia hapo.

Nilitumia ile Sh 135,000 kama nauli na vocha ya kuwatafuta. M19 nilimpata Jumapili ya kwanza. Nilimweleza yote, simu, hosteli, kufutwa. Akaniuliza kitu kimoja: hao wanafunzi wanakaa Tabata? Nikamwambia hapana. Akasema basi, na akaniomba nisimtaje tena yule mtoto anayeumwa, kwa sababu ugonjwa ule majirani wanaujua. Niliiondoa sehemu hiyo yote, dakika kumi na moja. M23 alikasirika, na alikuwa na haki. Aliniambia, “Uliniambia mmoja.” Nikamjibu ndiyo, nilikuambia mmoja. Tulikaa kimya muda mrefu. Baadaye akasema maneno yake yabaki, ila safari nyingine niandike mwenyewe hata kama itanichukua mwaka.

Sasa kwa anayetaka kujua kama aende. Usahihi wao, ukiondoa ile -ga ya mwanzoni, ni bora kuliko popote nilipowahi kulipia. Muda waliutimiza, na nimeshasema kwa gharama gani. Risiti wanatoa. Umeme ukikatika wana jenereta ndogo, ila haiwashi kompyuta zote nne, kwa hiyo jumlisha siku moja au mbili juu ya watakazokuambia. Ngazi ni nyembamba na hakuna lifti. Mtafiti mwenye ulemavu wa miguu atawapigia simu wakutane chini, na wanashuka bila kunung’unika.

Nilirudi Novemba na kazi ndogo ya saa nne. Safari hii mkataba ulikuwa wa kurasa tatu, nimeuandika mimi. Jina la mnukuzi limo, na ni mmoja. Anaandika palepale ofisini, kwenye kompyuta niliyoileta mimi, isiyounganishwa na intaneti. Sauti zimefungwa kwa nywila ndani ya VeraCrypt, programu ya bure ambayo ilinichukua jioni moja kujifunza. Kipengele kimoja kinasema kifaa kikiharibika kazi inasimama na mteja anapigiwa, na siku za kukabidhi zinasogea zenyewe bila faini. Hicho ndicho kilichomgusa mwenye ofisi zaidi. Alikisoma kwa sauti kwa wanukuzi wake wote. Kwa masharti haya bei imepanda hadi Sh 60,000 kwa saa, na kwenye maandiko yangu mapya naiweka hiyo kwenye bajeti kama nauli na posho zinavyowekwa. Mfadhili mmoja aliniuliza kwa nini unukuzi wangu ni ghali. Nilimtumia ule mkataba.

Mnukuzi wa Novemba alikuwa binti yuleyule aliyetuma faili zile. Niliulizwa kama ninataka mwingine, nikasema hapana. Ukutani juu ya meza yake kuna karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: “-ga ibaki.”

M22 sijampata. Namba yake haipatikani tangu Juni, na kule alikokuwa akifanya kazi siwezi kwenda kumuulizia, maana kumuulizia ni kumtangaza. Alikuwa akinunua mboga kwenye genge moja karibu na kituo cha daladala. Nimemwachia mama mwenye genge namba yangu na salamu, nimesema tu ni dada yake wa kanisani, sikusema zaidi. Mahojiano yake ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko yote. Ripoti ilitoka na mahojiano 30, na dakika zake 82 zimefungwa kwa nywila, hazijatumika popote kwenye ripoti, mpaka anipigie aniambie nizifanye nini.